Thawabu za Jikoni

Mwezi wa Ramadhani hauna msimu wake. Miezi ya Kiislamu hufuata mwandamo, na Qurani, katika Sura ya Tawba, iliukataza ule mtindo wa Waarabu wa kale wa kuisogeza miezi mitukufu kwa matakwa ya watu. Kwa hiyo Ramadhani hutangulia kwa siku kama 11 kila mwaka, na huumaliza mzunguko wa mwaka wa jua kwa miaka kama 33. Mwaka 2000 watu wa pwani walianza kufunga mwishoni mwa Novemba, vuli ikielekea ukingoni na maembe yakianza kuiva. Mwaka 2014 ilikuwa mwishoni mwa Juni, kusi ikivuma. 2020 ilikuwa Aprili, katikati ya masika. 2026 ikawa Februari, kwenye joto la kaskazi. Katika nchi zilizo mbali na ikweta mzunguko huu huonekana kwenye saa. Mswahili anayeishi London akifunga Juni hukaa zaidi ya saa 18 bila ya kula wala kunywa, na akifunga Desemba saa zake hushuka karibu na 10. Unguja si hivyo. Mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa wa kisiwa hicho haipitani hata kwa saa moja, na funga ni ile ile mwaka baada ya mwaka. Kinachobadilika ni chungu. Basi swali lenyewe ni hili: yule anayekibadilisha chungu hicho kila msimu, anafanya ibada, au anawahudumia tu wale wanaofanya ibada?

Jibu lililozoeleka ni hilo la pili, ingawa huwa halisemwi waziwazi. Hadithi aliyoipokea Tirmidhi inasema kwamba anayemfuturisha mfungaji hupata ujira mfano wa mfungaji huyo, bila ya ujira wa mfungaji kupungua chochote. Inaposomwa katika mawaidha ya Ramadhani, anayekusudiwa mara nyingi ni aliyetoa fedha: mwenye duka aliyetoa gunia la mchele, ndugu aliye nje ya nchi aliyetuma pesa za futari. Aliyekanda unga huambiwa “Mungu akulipe”, na mazungumzo yakaendelea. Ni dua nzuri, lakini inamweka mpishi mlangoni mwa ibada, kama mtu anayewashikia viatu walioingia ndani. Mimi naona yumo ndani. Kupika kwa kila siku kwa ajili ya watu wa nyumbani ni ibada kamili yenye fikra, niya na uchovu wake, na ushahidi wa kwanza uko kwenye kazi yenyewe, kabla hata ya kuvifikia vitabu.

Tuchukue kazi mbili ndogo. Unga wa mahamri ukikandwa siku za kaskazi huumuka upesi. Ukiachwa kwa muda ule ule uliozoeleka kipupwe, utachachuka na mahamri yatatoka na ladha ya hamira. Kwa hiyo mwezi ukiangukia Februari mkandaji huchelewa kuanza, na ukiangukia Julai hutangulia au huutafutia unga pahala penye joto. Hakuna saa inayomwambia. Anatazama unga ulivyopanda na kuugusa kwa kidole. Kazi ya pili ni tui. Chakula cha nazi hakistahamili joto, na kilichobaki baada ya kufuturu hakiaminiki kufika daku wakati wa kaskazi. Muhogo au shelisheli za nazi ambazo kipupwe zingepikwa mara moja kwa milo miwili, sasa lazima zipimwe kwa mlo mmoja, au za daku zichemshwe kwa chumvi tu na tui lingojewe hadi litakapohitajika. Ongeza hapo mchele mpya wa baada ya mavuno ya masika, unaotaka maji machache kuliko mchele wa zamani, na kuni zilizorowa mvua za Aprili zinazochelewesha kila kitu huku adhana ya magharibi haichelewi. Na kusi inapochafua bahari, vyombo vidogo vikabaki pwani na samaki wabichi wakapanda bei, papa mkavu na ng'onda huingia kwenye mchuzi, na ukwaju au embe mbichi hupimwa upya kwa sababu ya chumvi ya samaki huyo. Mtu anayeyafanya haya yote kwa siku 29 au 30, kwa kadiri ya mfuko wa nyumba, harudii kitu kimoja. Anaamua upya kila alasiri.

Wazee wa pwani waliujua mvutano huu wa kalenda mbili. Mbali na mwezi walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365, ulioanzia Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, na kwa hesabu hiyo wakulima walijua wakati wa kupanda na mabaharia wakati wa kusafiri. Siku hiyo ya mwaka bado inasherehekewa Makunduchi, mwezi wa Julai, kwa jina la Mwaka Kogwa. Masheikh walishika kalenda ya kuandama kwa mwezi, wakulima na mabaharia wakashika ya pepo na mvua. Jikoni ndipo kalenda hizo mbili zilipolazimika kukubaliana, kwa sababu futari lazima iive kwa siku iliyowekwa na mwezi, kutokana na mazao yaliyoletwa na jua. Anayezikutanisha anastahiki heshima ya mtu mwenye elimu, na nasikitika kwamba elimu hiyo imeandikwa kidogo sana.

Vitabu navyo haviko kimya. Katika Sahihi Muslim, Abu Dharri anapokea agizo la Mtume kwamba apikapo mchuzi azidishe maji, kisha awaangalie majirani zake. Hayo ni maelekezo ya upishi, na yamekaa ndani ya dini bila ya kuomba radhi. Saad bin Abi Waqqas aliambiwa kuwa hata tonge anayoitia kinywani mwa mkewe humpatia ujira, akikusudia radhi za Mungu. Bi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kuwa alikuwa katika kazi za watu wake, na ulipofika wakati wa sala alitoka kwenda kusali. Riwaya hii haionyeshi nyumba kuwa pahala pa kungojea ibada ianze kwingine. Kazi ya nyumbani na sala zimepangwa katika siku moja ya mja mmoja.

Iko falsafa inayopinga haya kutoka upande mwingine kabisa. Hannah Arendt, mwanafalsafa mzaliwa wa Ujerumani, katika kitabu chake The Human Condition cha 1958 alitofautisha kazi inayojenga kitu cha kudumu na kazi ya kuuhudumia mwili, ambayo matunda yake humalizwa karibu pale pale yanapopatikana. Kwake yeye, kupika ni kwa aina hii ya pili, na aina hii ndiyo iliyo mbali zaidi na ukubwa wa binadamu: sufuria huoshwa, kesho huanza upya, hakuna kinachobaki. Kuhusu sufuria amesema kweli, lakini kipimo chake siafikiani nacho. Tukishika kwamba kisichobaki hakina uzito, basi sala tano nazo zitaanguka. Alasiri ya leo haimwondolei mtu deni la alasiri ya kesho. Mtu husujudu, huinuka, na mkeka hukunjwa bila ya alama. Hakuna Muislamu aliyeambiwa kwamba kwa kuwa alisali jana amejenga kitu cha kumtosha. Dini ambayo nguzo yake ya pili ni kitendo kinachorudiwa kila siku haiwezi kuidharau kazi kwa sababu inarudiwa.

Pingamizi zito zaidi ni la wale watakaosikia neno ibada wakashtuka, na wana haki ya kushtuka. Watasema sifa ya namna hii ndiyo iliyowafunga wanawake jikoni. Mama huambiwa pepo yake iko kwenye moshi, na maneno hayo humwachia mwingine nafasi ya kukaa barazani akingoja adhana. Sitalijibu pingamizi hili kwa kulipunguza, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa katika nyumba nyingi na ndivyo ilivyo. Lakini tazama sheria inasemaje. Pwani yetu kwa sehemu kubwa ni ya madhehebu ya Shafii, na Minhaj ya Imamu Nawawi ni kitabu kilichosomeshwa huku kwa vizazi. Humo chakula cha mke ni haki yake juu ya mume: mudi mbili za nafaka kwa siku ikiwa mume ana uwezo, moja na nusu akiwa wa kati, moja akiwa maskini, na kwa kauli iliyo sahihi zaidi, kusaga na kuoka nako ni juu ya mume. Kwa madhehebu haya mke hadaiwi kupika kwa mkataba wa ndoa. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim waliona kuwa analazimika kwa mujibu wa ada, na hiyo ni rai inayojulikana, ila sisi tumekuwa tukifuata ada hiyo huku tukijiita Mashafii. Anayepika bila ya kudaiwa anatoa sadaka. Na mtoa sadaka hagombezwi kwa kuzidi chumvi.

Tena neno ibada, likichukuliwa kwa uzito wake, linavunja hoja ya anayekaa barazani. Hakuna anayesaliwa na dada yake. Kijana akisema hafungi kwa sababu mama anafunga kwa niaba yake, atachekwa na watoto wa chuoni. Kama kuwalisha watu wa nyumbani ni katika kumwabudu Mungu, kwa nini nusu ya nyumba iridhike kuikosa mwaka mzima, na tena riwaya ya Bi Aisha inamtaja mwanamume, tena mbora wao? Wanaotaka jikoni pawe pa wanawake pekee hawana budi wakiri kuwa wanapaona ni pahala pa utumishi. Wakisema ni ibada, wakunje mikono ya kanzu.

Hapa hukumbushwa kisa cha Bi Fatuma, ambaye mikono yake iliumizwa na jiwe la kusagia, akaenda kumwomba baba yake mtumishi. Mtume aliwafuata nyumbani, Bi Fatuma na mumewe Ali, akawafundisha wote wawili kuleta tasbihi wanapotaka kulala: mara 33, mara 33, na mara 34. Kisa hiki husomewa wanawake kama fundisho la subira na kufungwa hapo. Mimi naona mambo mawili yanayorukwa. Malalamiko ya mikono iliyochubuka hayakukemewa, na aliyelalamika alifuatwa hadi nyumbani kwake. Na aliyefundishwa hakuwa mke peke yake. Mume alikuwapo, na dhikri ile ilikuwa yake pia. Maumivu ya kazi yaliletwa mbele ya wawili.

Yako mashaka mengine yanayohusu niya. Ibada haiswihi bila ya niya, na mpishi aliyechoka, anayewaza bei ya sukari na karo ya mtoto, ananuia nini saa kumi na moja jioni? Nadhani tunamtaka mpishi unyofu wa moyo ambao hatumtaki anayesali. Mawazo humpita mtu katika sala, na mafakihi hawakusema sala hiyo ibatilike kwa kuwa alikumbuka duka lake. Niya ya mpishi ilishafungwa pale alipoamua kwamba mzee asiye na meno apate uji mlaini na mgonjwa wa sukari atengewe kaimati zisizomiminiwa shira. Mkono unaotenga sahani hiyo kila jioni unamjua mtu na unamkusudia. Kama kuna pahala ambapo niya huharibika kweli, ni kwenye futari za kujionyesha, sinia saba kwa watu wanne na nusu yake kutupwa, wakati aya ya kukataza israfu imekuja kwa kutaja kula na kunywa waziwazi. Hilo sina la kulitetea, na msimu wenyewe ungelirekebisha kama nyumba ingekubali kula kinachopatikana.

Jambo hili likikubaliwa, yapo yanayofuata. Waumini huchangia mabomba ya kutawadhia na mapangaboi ya msikiti, kwa sababu anayeabudu asitaabike bila ya sababu. Moshi wa kuni mbichi za masika kwenye macho na kifua cha mpishi ungestahiki mchango huo huo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Tanzania Mei 2024, unakusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Serikali imeuweka kwenye afya na misitu, nako ni kweli, lakini wakfu wa jiko na mtungi wa gesi kwa nyumba isiyoweza ungekuwa jambo la dini kama ulivyo wakfu wa kisima. Na ratiba ya jioni nayo ingebadilika, ili aliyepika asikute tarawehe imekwisha yeye bado yuko na masufuria.

Mtoto wa kiume aliyefunga Februari 2026 akiwa na miaka 10 atakuwa na miaka 43 hivi Ramadhani itakapoirudia kaskazi hiyo hiyo, mnamo 2059. Kabla ya hapo atakuwa amefuturu katika vuli, kisha kipupwe, kisha masika, na kila msimu utataka maji yake kwenye wali na saa yake ya kukanda unga. Umri wa kawaida hutosha mizunguko miwili tu ya namna hiyo, na wa kwanza huwa umeshaliwa sehemu yake na utoto. Mbuzi ya nazi iko jikoni, na alasiri ya leo dada yake atakuwa amekaa juu yake.