Aliyeonya Lisitokee

Aprili 2021 tulionywa kuwa kimbunga Jobo kinatujia kutoka Bahari ya Hindi. Kikadhoofika njiani, na kilipoukaribia mwambao wa Dar es Salaam hakikuwa tena na nguvu za kutisha. Basi watabiri wakawa kichekesho cha mitaani. Mei 2024 kikaja Hidaya. Safari za boti baina ya Unguja na Dar es Salaam zikasitishwa, barabara ya kusini ikakatika huko Kilwa, na mzaha ukapungua.

Swali langu ni la zamani: aliyeonya juu ya jambo, nalo lisitokee, je, kasema uwongo?

Neno lenyewe linatuponza. Kutabiri, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kufasiri ndoto; ndiyo kazi aliyoifanya Nabii Yusuf kwa mfalme wa Misri. Mfasiri hamiliki ndoto, husoma ishara tu. Wanaofuatilia vimbunga vya Atlantiki kule Miami ishara zao ni joto la bahari, picha za setilaiti na vipimo vya ndege zinazoingia hadi ndani ya jicho la tufani. Kisha huchora njia inayopanuka mbele kama mdomo wa siwa, na wenyewe hukiri kwamba kiini cha kimbunga hubaki ndani ya mchoro huo kiasi cha mara mbili katika kila tatu. Mtu anayetangaza kipimo cha shaka yake, sioni vipi aitwe mwongo.

Wala msomaji wa pwani asidhani jambo hili ni la wenye vyombo peke yao. Kishapu, mkoani Shinyanga, iko zaidi ya kilomita 500 kutoka baharini, nchi kavu ya pamba na mtama, na hata huko tufani za bahari yetu zina mkono. Kimbunga kikikaa mashariki ya Madagaska chaweza kuvuta hewa yenye unyevu kutoka Kongo, ikapita Ziwa Victoria na kumwaga mvua bara. Ndivyo ilivyokuwa Machi 2018, wakati wa Dumazile na Eliakim. Kikiingia Mlango wa Msumbiji, mambo yaweza kugeuka. Mkulima haoni wimbi. Anaona wingu tu, au halioni.

Wasukuma wa zamani walimdai mvua ntemi wao. Ikikosekana kwa muda mrefu, ntemi aliweza kuuzuliwa. Tunasoma habari hizo tukitabasamu, nasi mwaka 2021 tulifanya yale yale: tulimtaka mwenye elimu ya upepo awe mwenye upepo.

Hata hivyo simwachii mtabiri aende zake bila ya deni. Boti ikilala bandarini siku moja bure, hasara yake inalipika. Mkulima wa Kishapu akiambiwa mvua ni njema, akaitoa mbegu yote ghalani na kuitia ardhini, kisha jua likawaka, hana mbegu ya pili. Kwa hivyo neno "huenda", ambalo wengi huliona kinga ya mtabiri, mimi naliona haki ya mkulima. Lapasa limfikie likiwa zima, kwa Kiswahili chepesi au kwa Kisukuma; lakini habari inapopokezanwa kinywa kwa kinywa, ndilo neno la kwanza kudondoka njiani.

Na yako yasiyochoreka njia. Usiku wa 3 Machi 2015, kijijini Mwakata, Kahama, katika mkoa ule ule wa Shinyanga, mvua ya mawe na upepo iliangusha nyumba za udongo na kuua watu zaidi ya 40. Wingu la namna hiyo huzaliwa na kufa ndani ya saa chache. Sisi wa Unguja tunayo ya 15 Aprili 1872: tufani ilivunja majahazi na marikebu bandarini, ikailaza chini mikarafuu na minazi, ilhali watu walizoea kudhani kwamba kisiwa hiki, kwa kukaribia ikweta, kiko nje ya njia yake.