Je, Aliyekufundisha Kazi Ana Amri Juu ya Dhamiri Yako?



Yako madeni ambayo mtu huyakumbuka kwa furaha, na la kwanza ni lile la mtu aliyetufundisha kazi. Fundi aliyemwachia kijana ashike randa kwa mara ya kwanza. Karani mzee aliyemwonyesha mgeni namna ya kufunga hesabu za mwezi. Mama mwenye duka aliyempokea binti wa nduguye kutoka kijijini, akamfundisha kupima, kuhesabu na kusema vizuri na wateja. Watu hawa twawaita baba, mama au mwalimu, hata kama hatuna undugu nao, na ni haki yao.

Lakini deni hili lina hatari yake. Siku moja mtu yule yule aliyekufundisha aweza kukuambia, kwa sauti ile ile ya upole: "Mwanangu, hapa andika mia mbili, usiandike mia na hamsini. Nitakueleza baadaye." Utafanya nini? Ukikataa, waonekana huna shukrani. Ukikubali, umeandika uongo kwa mkono wako. Wengi hudhani kwamba swali hili lamhusu mdogo tu, kama ni jasiri au mwoga. Mimi naona lamhusu mkubwa kwanza, na nitaeleza kwa habari ya kweli iliyotokea Marekani, ambayo ilifika mahakamani hata mambo yake yakajulikana kwa wote.

Kampuni ya simu ya WorldCom ilikuwa na makao yake makuu Clinton, katika jimbo la Mississippi. Mkuu wake, Bernard Ebbers, alikuwa pia mwalimu wa shule ya Jumapili katika kanisa lake la Kibaptisti. (Sitaji hili kwa kuwadharau ndugu zetu Wabaptisti, sisi nasi tunao walimu wa Jumapili wenye maduka.) Mkuu wa fedha alikuwa Scott Sullivan, aliyesifiwa sana kwa akili yake ya hesabu. Chini yake, ngazi kadhaa, alikuwako mhasibu aitwaye Betty Vinson, mama mwenye familia na mtu wa kufanya kazi anayopewa bila kunung'unika. Mwezi wa Oktoba 2000, gharama zilipokuwa zimezidi kuliko wenye hisa walivyotazamia, yeye na wenzake waliagizwa kuchukua dola milioni 828 kutoka mafungu yaliyowekwa kwa ajili ya malipo mengine, ili gharama zionekane ndogo. Walijua kwamba si sawa. Wakaandika, kisha wakaazimia kuacha kazi.

Sullivan alipopata habari hakuwafokea. Aliwaita akazungumza nao. Aliifananisha kampuni na meli ya kivita ambayo ndege zake ziko angani: acheni ndege zitue kwanza, ndipo mwondoke kama mwataka. Akawahakikishia kwamba hawakuvunja sheria, na kwamba lawama ataibeba yeye. Basi, wakabaki. Mshahara wa Vinson ulikuwa mkubwa kuliko wa mumewe, na nyumba yao iliutegemea. Ikaja robo mwaka nyingine, na nyingine tena, na ndege hazikutua. Tangu 2001 njia yenyewe ilibadilika: malipo ya kutumia nyaya za kampuni nyingine yakaandikwa kana kwamba ni mali ya WorldCom. Ni kama mwenye duka anayelipa kodi ya pango kila mwezi, kisha aandika daftarini kwamba amenunua nyumba. Daftari lapendeza, lakini sanduku la fedha li tupu.

Hebu tuitazame ile ahadi, "lawama nitaibeba mimi." Yasikika kama neno la upendo, tena la mtu mwenye kifua. Lakini ni ahadi asiyoweza kuitimiza mtu ye yote. Mkubwa aweza kumbebea mdogo wake kosa la kuchelewa, au la kuharibu mbao. Uongo ulioandikwa kwa kujua hauhamishiki. Mwaka 2005 Ebbers alihukumiwa miaka 25, Sullivan miaka 5, na Vinson miezi 5 gerezani pamoja na miezi 5 ya kufungiwa nyumbani. Hakimu alikubali kwamba yeye alikuwa miongoni mwa wenye hatia ndogo kuliko wote. Hata hivyo aliona kwamba kama angalikataa, huenda jambo lingalikoma mapema. Mwezi wa Julai 2002 kampuni ilikuwa imeomba ulinzi wa sheria ya kufilisika, na hakuna iliyokuwa imefilisika Marekani kwa ukubwa ule mpaka siku hiyo. Mwezi mmoja kabla yake ilitangazwa kwamba watu 17,000 wataondolewa kazini. Hao hawakuulizwa kama ndege zitue au zisitue.

Je, ni haki kumfunga mdogo? Naona ni haki, ingawa moyo wauma. Tukisema kwamba aliyeamrishwa hana hatia kabisa, tumemfanya kuwa kalamu tu, wala hilo si kumhurumia. Lakini ona pia kwamba aliyefichua mambo haya alikuwa chini ya Sullivan vile vile. Cynthia Cooper, mkuu wa ukaguzi wa ndani, alichunguza hesabu pamoja na wasaidizi wake, mara nyingi usiku, ili wasijulikane. Sullivan alimwomba aahirishe. Hakuahirisha. Alikuwa na mlango mwingine wa kubisha, yaani kamati ya ukaguzi iliyokuwa juu ya Sullivan, naye akaubisha. Nia njema yahitaji mlango, na wenye kuweka milango kazini ni wakubwa.

Tunaye mzee mmoja katika Maandiko ambaye mara nyingi twamkumbuka kwa udhaifu wake kwa wanawe. Ni Eli. Huyu alimlea Samweli, akamfundisha kuitambua sauti iliyomwita usiku. Kulipokucha kijana aliogopa kusema, kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa la hukumu juu ya nyumba ya Eli. Na mzee akamwapisha asimfiche hata neno moja. Sijui kama wako wengi miongoni mwetu tulio wasimamizi, wenye gereji, wenye maduka na watunza hazina, ambao wangetaka kusikia habari ya namna hiyo kutoka kwa kijana anayelala nyumbani mwao.

Naam, anayelala nyumbani mwao. Hapa ndipo jambo la Mississippi linapofika kwetu. Vinson aliogopa kupoteza mshahara. Kijana aliyeletwa mjini na mjomba wake, akawekwa dukani, akila na kulala kwa mjomba, na mshahara wake "umetunzwa" na mjomba huyo huyo, akikataa kuandika risiti ya uongo apoteza kazi, kitanda na chakula jioni moja, na nyumbani kijijini huitwa mtovu wa adabu kabla hajafika. Mjomba aweza kuwa mtu mwema sana. Hata hivyo amejenga nyumba ambayo ndani yake neno "hapana" halitamkiki.

Basi mjomba wa namna hiyo amwambie kijana siku ya kwanza kwamba akiagizwa aandike kisicho kweli ana ruhusa ya kukataa, hata kama mwagizaji ni mjomba mwenyewe. Kijana akiuliza juu ya tarakimu, ajibiwe saa ile ile. Amtajie mtu mwingine, shangazi au mzee wa kanisa, ambaye aweza kumwendea. Na mshahara wake, hata ukiwa mdogo, ampe mkononi kila mwezi, ili siku atakapohitaji kuondoka awe na nauli.