Meneja na Dhana Yake juu ya Watu

Katika kitabu chake cha mwaka 1960, Douglas McGregor wa Marekani alieleza kuwa meneja anayeamini kwamba binadamu ni mvivu kwa asili, mtazamo alioupa jina la Nadharia X, huwabana wafanyakazi kwa daftari la mahudhurio na vitisho, nao, kwa kuwa hawaaminiwi, hufanya kazi pale tu msimamizi anapotazama, jambo ambalo meneja hulichukua (kwa makosa) kuwa ushahidi wa uvivu wao. Dharau ya namna hiyo kwa wafanyakazi ilionekana Tanzania pia: Mwongozo wa mwaka 1971 wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, ulikemea kiburi na dharau za viongozi, na haishangazi kwamba migomo kadhaa iliyofuata katika viwanda vya Dar es Salaam ilihusu matusi ya wakubwa, si mshahara peke yake.