Nani Ni Kichwa cha Nyumba?



Hapa Bukavu tunaliona jambo hili kila siku. Jua halijatoka, mama ameshakwenda soko la Kadutu. Wengine wanabeba magunia mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, ili watoto wapate bugali na sombe na pesa za masomo. Baba wengi wamekosa kazi kwa sababu ya vita, au mshahara hautoshi. Jioni mama anarudi amechoka, baba amekaa kwenye kiti, anauliza: "Chakula kiko wapi?" Kikichelewa, anasema mke anamdharau kwa ajili ya pesa zake. Nasi mashemasi hatujitoi katika kosa hili. Tumefundisha mapendo kanisani asubuhi, na jioni tumesema maneno hayo hayo nyumbani kwetu.

Basi tunauliza: mke akiilisha nyumba, je, bwana angali kichwa?

Tukumbuke nyumba ya Nkamba. Papa Simon Kimbangu alikamatwa Septemba 1921, akafungwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Kwa miaka 30 hakuweza kuleta kitu nyumbani. Mama Marie Muilu ndiye aliyebaki na watoto watatu, akawatunza pia waamini kwa siri wakati kanisa lilipokatazwa. Nani kati yetu anasema Papa alipoteza heshima? Heshima yake haikutoka mfukoni, na kazi ya Mama haikuipunguza.

Sheria ya nchi nayo imebadilika. Sheria ya Jamaa ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya bwana kabla ya kufanya mapatano ya kisheria. Mwaka 2016 ilirekebishwa: sasa wawili wanapaswa kupatana, ingawa bwana bado anaitwa kiongozi wa nyumba. Lakini hakuna sheria inayoweza kumfundisha mtu kupenda.

Mtume Paulo alipomwita bwana kichwa, alimwonyesha Kristo aliyejitoa kwa ajili ya kanisa. Naye Yesu, akiwa Bwana, aliinama akaosha miguu ya wanafunzi wake. Kwa hiyo kichwa ndiye wa kwanza kuinama. Baba asiye na mshahara angali ana mikono: achote maji, awashe makala, aogeshe watoto. Jirani wakicheka, waache wacheke. Naye mama asimsimange bwana mbele ya watoto kwa sababu ya pesa za soko. Wakae pamoja jioni, wazihesabu, wapange, wasali.

Tunasema: Mapendo, Amri na Kazi. Nyumba nyingi zimebaki na amri ya baba na kazi ya mama, mapendo yameshatoka mlangoni. Leo kabla ya sala ya jioni, kila baba ajiulize: nimeinama wapi?

Mungu Baba abariki nyumba zetu. Amina.