Kodi ya Nyumba Iliyo ya Haki

Je, mwenye nyumba atenda dhambi akipandisha kodi mpaka pale ambapo mpangaji hawezi tena kubanwa? Swali hili huulizwa mara nyingi, na majibu mawili hutolewa upesi. Mmoja husema: Nyumba ni mali yake, na bei ni mapatano ya watu wawili, asiyetaka na aende kwingine. Mwingine husema: Serikali na iweke kikomo, na shauri limekwisha. Sisi twaona kwamba majibu yote mawili yana sehemu ya ukweli, walakini kila moja likiachwa peke yake huwaumiza watu. Uko mji mmoja huko Marekani ambao umelishughulikia jambo hili hadharani kwa miaka kadhaa, nao watufaa kuwa fundisho.

Mji huo ni Saint Paul, makao makuu ya jimbo la Minnesota, kando ya mto Mississippi. Jina lake latokana na kikanisa cha magogo alichokijenga Padre Lucien Galtier mwaka 1841 na kukiweka chini ya ulinzi wa Mtume Paulo. Si mji mkubwa sana: katika hesabu ya mwaka 2020 ulikuwa na watu zaidi kidogo ya 311,000, na karibu nusu ya jamaa zake hukaa katika nyumba za kupanga. Jirani yake ni mji wa Minneapolis, uliouzidi ukubwa, na watu huiita miji hiyo miwili mapacha.

Yapasa kwanza tuielewe shida yenyewe. Huko Marekani, jamaa inayotoa zaidi ya 30 kwa mia ya mapato yake kwa ajili ya nyumba huhesabiwa kuwa imelemewa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba mwaka 2022 jamaa za wapangaji waliolemewa hivyo zilipita milioni 22, yaani nusu ya wapangaji wote wa nchi ile. Nyuma ya hesabu hiyo wako akina baba na akina mama wanaokaa mezani mwisho wa mwezi, wakitafuta kipi kiachwe: dawa, viatu vya mtoto, au chakula, maana kodi haiachwi. Asiyeweza kununua nguo mpya huvaa ile kuukuu, na asiyeweza kununua nyama hula mboga. Lakini paa haliwezi kungojewa hata usiku mmoja, hasa katika nchi ya theluji na baridi kali kama ile.

Basi, mwezi wa Novemba 2021, watu wa Saint Paul walipiga kura wakakubali sheria ya kuzuia kodi isipande zaidi ya 3 kwa mia kwa mwaka, ila kwa ruhusa ya pekee. Sheria hiyo ilikuwa kali kuliko nyingi za namna yake. Kikomo kilibaki hata mpangaji akihama na mwingine akiingia; tena kilizihusu hata nyumba ambazo zilikuwa hazijajengwa bado. Hatuna haki ya kuwacheka waliopiga kura hiyo. Wengi wao walikuwa wamechoka kungoja barua ya mwenye nyumba kila mwaka kwa hofu, nao walitaka jambo jema: mtu ajue kwamba mwakani atakuwa bado katika nyumba ile ile.

Lakini nia njema haitoshi. Mara baada ya kura ile, maombi ya vibali vya kujenga nyumba yalipungua sana, na wajenzi wengine wakasimamisha kazi waliyokuwa wameipanga. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Southern California walikadiria mwaka 2022 kwamba thamani ya nyumba mjini ilishuka kwa 6 au 7 kwa mia. Tena waliona kwamba waliopata faida kubwa hawakuwa wale maskini hasa, bali wapangaji wenye mapato makubwa zaidi. Mwezi wa Septemba 2022 baraza la mji liliirekebisha sheria, likaziondoa nyumba mpya katika kikomo kile kwa miaka 20. Mwezi wa Mei 2025 likaenda mbele zaidi, likaziondoa daima nyumba zote zilizojengwa baada ya mwaka 2004.

Wakati huo huo mji pacha ulishika njia nyingine. Kwa miaka mingi, katika sehemu kubwa ya Minneapolis, kama ilivyo katika miji mingi ya Marekani, sheria ilikataza kujenga katika kiwanja kimoja zaidi ya nyumba ya jamaa moja. Mwezi wa Desemba 2018 baraza la mji liliamua kwamba katika viwanja hivyo zaweza kujengwa makao ya jamaa tatu. Tena likaruhusu majumba makubwa ya ghorofa kando ya njia zipitazo mabasi, na baadaye likaacha kuwalazimisha wajenzi kutenga nafasi za magari. Shirika la Pew lilihesabu kwamba tangu mwaka 2017 hata 2022 nyumba za Minneapolis ziliongezeka kwa 12 kwa mia, na kodi ikapanda kwa 1 kwa mia tu. Katika sehemu nyingine zote za Minnesota nyumba ziliongezeka kwa 4 kwa mia, na kodi ikapanda kwa 14 kwa mia. Nyumba hizo mpya zilikuwa hasa katika yale majumba makubwa.

Twajifunza nini? La kwanza, kwamba yuko mtu ambaye kura ya Saint Paul haikumwona vizuri: yule aliye nje mlangoni. Ni kijana anayetaka kuoa, mfanyakazi anayehamia mjini, mama anayemkimbia mume mkatili. Hao hawana nyumba mjini, na wengi wao hawakuwa na kura. Sheria iliyomlinda aliye ndani, na papo hapo ikazuia nyumba zisijengwe, ilimpa mmoja kwa kumnyima mwingine. Injili, inaposimulia usiku ule wa Bethlehemu, haisemi kwamba Yosefu na Maria walidaiwa bei kubwa. Yasema hawakupata nafasi. Upungufu wenyewe ni dhuluma, hata pale ambapo hakuna mtu mmoja wa kushitakiwa.

La pili, kwamba wadhalimu katika jambo hili si wenye nyumba za kupangisha peke yao. Fikirini juu ya mtaa wa watu wema, wenye nyumba zao wenyewe, wasiomdai mtu kodi yoyote. Wasikia kwamba jumba la wapangaji litajengwa karibu nao, nao waenda barazani kulipinga: wasema litaharibu uzuri wa mtaa, magari yatazidi, bei ya nyumba zao itashuka. Jumapili watu hao hao hutoa sadaka kwa ajili ya maskini. Hawajamfukuza mtu, wamefunga mlango tu kabla hajafika. Twasema wazi kwamba kufanya hivyo kwa kulinda starehe tu ni kosa juu ya upendo, na mara nyingine ni kosa juu ya haki.

Lakini asije mtu akasema: Kumbe soko latosha, na kila mtu adai atakavyo! Nyumba hujengwa kwa miaka, na kodi hudaiwa kila mwezi. Tena wako watu ambao mapato yao hayatoshi kulipa hata gharama ya kuitunza nyumba. Hao hawatasaidiwa na wingi wa majumba peke yake, ila kwa msaada wa wote kwa njia ya serikali. Na kabla upungufu haujakwisha, mwenye nyumba ana nguvu kubwa juu ya mwenzake. Baba Mtakatifu Leo XIII, mwaka 1891, alifundisha kwamba mfanyakazi akikubali mshahara mdogo kwa kubanwa na shida, mapatano hayo si huru kweli, bali amedhulumiwa. Padre John A. Ryan, mzaliwa wa Minnesota, aliyefundisha maadili katika seminari ya Saint Paul tangu mwaka 1902 hata 1915, alilitetea fundisho hilo katika kitabu chake cha mwaka 1906 juu ya mshahara wa kutosha kuishi. Twaona kwamba kanuni hiyo hiyo yahusu kodi. Neno “amekubali” halimalizi hesabu ya haki.

Mtakatifu Thomas wa Akwino atupa hapa kipimo kizuri. Afundisha kwamba muuzaji aweza kudai zaidi ikiwa yeye mwenyewe apata hasara kwa kukiachia kitu chake. Bali asipandishe bei kwa sababu tu mnunuzi ana shida kubwa, maana hapo auza kitu kisicho chake. Shida ya mnunuzi si mali ya muuzaji. Basi mwenye nyumba na ajiulize peke yake, mbele ya Mungu: Napandisha kodi kwa sababu mafundi, ushuru wa mji na riba ya mkopo vimepanda, nami nahitaji faida ya kiasi kwa kazi yangu? Hiyo ni haki yake, wala mpangaji asimwite mnyang'anyi. Au napandisha kwa sababu najua kwamba mtoto wao asoma shule ya jirani, mama yao ni mgonjwa, nao hawawezi kuhama? Kama ni hivyo, ameanza kuyauza machozi ya wengine, ambayo hayakuwa mali yake kamwe.

Hakuna baraza la mji liwezalo kuandika tofauti hiyo katika sheria. Sheria yaweza kufungua viwanja ili nyumba ziwe nyingi, yaweza kumzuia mwenye nyumba asimfukuze mtu bila sababu, yaweza kuwasaidia walio maskini kabisa. Na mambo hayo yote yapasa kufanywa. Lakini barua ile ya kupandisha kodi huandikwa na mtu mmoja, katika chumba chake, naye amjua kwa jina mtu atakayeipokea. Na mpangaji naye, anayelipa kwa wakati na kuitunza nyumba kana kwamba ni yake, humsaidia mwenzake kuwa mwenye haki.

Wasomaji wetu wenye chumba kimoja tu cha kupangisha wasidhani kwamba tumesema juu ya Marekani peke yake.