JE, TUENDELEE KUMWAGA?

Masomo: Luka 12:1–3, Warumi 6:1–4



Kila meli ya mashine hukusanya uchafu chini kabisa ya tumbo lake. Mafuta huvuja, maji hupenya, sabuni ya kusafishia huchuruzika, vyote vikachanganyika. Hayo ndiyo maji ya ngama. Sheria ya mataifa yaamuru yapitishwe kwanza katika chombo cha kutenga mafuta na maji. Meli ikiwa safarini, yale yanayomwagwa baharini yasizidi sehemu 15 za mafuta katika kila sehemu milioni moja, na kazi hiyo iandikwe katika daftari la mafuta.

Lakini yuko asemaye, "Bahari ni kubwa, haya yatadhuru nini?" Tena anayo hoja. Ni kweli kwamba Mungu ameweka baharini bakteria wasioonekana kwa macho, ambao chakula chao ni mafuta. Katika maji safi ni wachache sana. Mafuta yakimwagika huongezeka upesi, wakayala. Nani asiyemsifu Muumba kwa rehema hiyo?

Hata hivyo, watumishi hao wadogo wana mipaka. Wahitaji oksijeni, nitrojeni na fosforasi. Zikipungua, kazi hulegea. Mwaka 1989, meli Exxon Valdez ilipomwaga mafuta huko Alaska, watu walitia mbolea ufukweni ili kuwasaidia bakteria. Miaka mingi baadaye mafuta yalikutwa bado chini ya mawe. Tena, kinachowalisha hao huwadhuru wengine: sumu ya mafuta yaweza kuua mimea midogo ielayo majini, ambayo hulisha samaki na kutoa karibu nusu ya oksijeni itengenezwayo duniani.

Hapo ndipo Mtume Paulo anapotushika. Je, kwa kuwa neema ni nyingi, tuzidishe dhambi? Akakataa kabisa. Rehema imetolewa ituponye, haikutolewa iwe ruhusa ya kuchafua.

Mwezi Agosti 2013, karibu na pwani ya Uingereza, meli moja ya watalii ilimwaga maji ya ngama kwa bomba la siri. Wakati huohuo wakubwa wa mashine walipitisha maji safi ya bahari katika chombo cha halali, ili kumbukumbu zionyeshe kazi njema. Fundi mmoja aliyeajiriwa karibuni aliliona bomba hilo. Meli ilipofika Southampton alitoa taarifa kwa wenye mamlaka, akaacha kazi. Bomba liliondolewa, na wadogo wakaamriwa waseme uongo. Lakini yaliyofichwa yalifunuliwa: mwaka 2016 wenye meli walikubali kukiri makosa mahakamani Marekani na kulipa dola milioni 40.

Ndugu zangu, nasi tunayo mabomba yetu. Jumapili twapitisha maji safi mbele ya watu: nyimbo, sala, sadaka. Usiku twamwaga ngama: hesabu za chama zilizopotoshwa, mshahara wa mtumishi uliozuiliwa, neno la kumvunjia jirani heshima. Kisha twajifariji, "Mungu ni mwenye huruma." Naam, ni mwenye huruma, na kwa sababu hiyo hasa tusimtendee hivyo.

Basi wiki hii kila mmoja ashuke chini ya meli yake, alitafute bomba lake, alifungue mbele za Mungu. Na aliyeona la mwenzake asinyamaze kwa kuogopa kupoteza riziki.

Ee Bwana, uliyeumba vikubwa na visivyoonekana, tusafishe ndani kama tunavyotaka kuonekana nje. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.