Shabaha Yenye Roho

Katika michezo ya Paris ya mwaka 1900, njiwa hai waliachiliwa mbele ya wapiga bunduki, na ushindi ukaenda kwa aliyeangusha wengi zaidi. Léon de Lunden wa Ubelgiji aliua 21, Mfaransa Maurice Faure 20. Kwa jumla walikufa karibu ndege 300. Wanahistoria bado wanabishana kama shindano hilo lihesabiwe kuwa la Olimpiki. Zito zaidi ni suala la maadili: je, ustadi wa mkono na jicho unahitaji kifo ili uthibitike?

Mafundisho ya Kiislamu yalikwisha kulijibu karne nyingi kabla. Hadithi zinahimiza kujifunza kutupa mishale, na papo hapo zinakataza kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Inasimuliwa kwamba sahaba Ibn Umar aliwakuta vijana wamemfunga ndege wakishindana kumlenga, akawaambia kuwa Mtume Muhammad amemlaani atendaye hivyo. Uwindaji wa chakula umeruhusiwa, kwa kuwa mwindaji ana haja ya nyama. Mshindani anatafuta alama tu, na alama hupatikana hata kwenye ubao. Paris yenyewe ni ushahidi: katika michezo hiyohiyo wengine walishindania visahani vya udongo.

Wanafalsafa wa Kistoa nao walimtaja mpiga mshale. Kwao, wajibu wake ni kufanya yote awezayo ili alenge sawasawa. Mshale kufika au kutofika hakumo mikononi mwake. Kwa hoja hiyo, sifa yote imo katika kulenga, na damu ya njiwa haiiongezi hata chembe.

Sanamu zilipochukua nafasi ya viumbe, maumivu yalikoma. Katika Olimpiki ya London, mwaka 1908, Oscar Swahn wa Sweden alipata dhahabu akiwa na miaka 60 kwa kumpiga kulungu bandia aliyekuwa akipitishwa kwa kasi. Hapo hakuna aliyedhulumiwa. Vigumu zaidi kuhukumu ni bastola za michezo ya Athens, mwaka 1906, zilizolenga sanamu ya mtu aliyevaa koti, kwani mkono ulikuwa ukizoezwa kumpiga binadamu. London pia yalionyeshwa mapambano ya watu wawili waliofyatuliana risasi za nta, wakiwa wamejikinga uso na mwili. Shabaha hiyo ilikuwa na roho, lakini ilikuwa imeridhia, ilikuwa na kinga, na ilikuwa na bastola yake. Njiwa wa Paris hakupewa hata kimoja kati ya hivyo.